Mwisho wa Shairi Uliopelekwa kwa Baiskeli

Siku ile mjinga alikuwa Gratien. Tuseme mapema, ili msomaji asipate taabu ya kumtafuta katikati ya hadithi, maana bandani walikuwamo watu wengine ambao kwa sura tu wangeweza kushukiwa. Sixte, kwa mfano, ana sura hiyo hata akiwa amelala. Lakini hapana. Alikuwa Gratien, mkulima wa tumbaku wa Katumba, mtu mzima mwenye masharubu, na akiulizwa leo hakatai. Anacheka, anasema siku ile akili yake ilikuwa imeenda Mpanda mjini bila yeye.

Gratien si mtu wa kukunja uso. Dunia imemfundisha kwa fimbo, naye amekuwa mwanafunzi mchangamfu. Mwaka mmoja mvua ya mawe ilimtwangia majani yote shambani. Mwaka uliofuata bani lake la kukaushia liliungua likiwa limejaa, naye akasimama mbele ya majivu akawaambia waliokuja kumpa pole kwamba angalau tumbaku yake imevutwa yote kwa mkupuo mmoja. Ndivyo alivyo. Msimu huu, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, jani lilikuwa limetoka zuri: refu, laini, rangi ya chungwa lililoiva. Lilijaa banda mpaka karibu na bati. Na lori la chama cha msingi cha wakulima lingepita Alhamisi asubuhi kuchukua mitumba, yaani marobota ya tumbaku, kwenda sokoni, halafu halingeonekana tena mpaka limalize kuzunguka vijiji vingine vyote. Ambaye angelikosa angebaki na tumbaku ndani, ikipauka na kuota ukungu, na Gratien kukosa alikwisha kukosa vya kutosha.

Kazi ya kupanga tumbaku haifanywi na nyumba moja. Kila jani hushikwa mkononi, hutazamwa, huwekwa kwenye fungu lake: la chini ya shina peke yake, la kati peke yake, la juu, la madoa, lililochanika. Tena hupangwa asubuhi, unyevu wa usiku ukiwa bado umelilainisha. Jua likipanda na upepo ukianza, jani hukatika kama chapati ya jana. Kwa hiyo watu wa Katumba huitana. Wazee waliotoka Burundi walikuja na neno lao, ikibiri: leo tunakuja kwako, kesho kutwa mnakuja kwangu. Halipwi mtu. Mwenye kazi anapika, na mwenye kazi anachunga ulimi wake, kwa sababu aliyekuja kwa ikibiri ni mgeni. Mgeni huombwa, hukaribishwa, hushukuriwa. Haamrishwi. Sheria hiyo haijaandikwa popote, na Gratien aliinyonya pamoja na maziwa ya mama yake.

Jumatatu majirani walikuja wakaketi kwenye magunia, kila mtu na rundo lake. Alikuwapo bibi Vénérande, ambaye macho yake yamepungua lakini vidole vyake vinajua jani la kati na jani la juu hata gizani. Alikuwapo Getrude, mama wa Kikonongo kutoka Magamba aliyeolewa hapo Katumba, na ambaye mpaka leo huwaambia Warundi wa mtaani kwamba yeye ndiye mwenyeji wao. Alikuwapo Sixte, ambaye aliwahi kubeba mizigo kwenye machimbo ya dhahabu na kurudi na Kiingereza cha kuonya watu: stopu, denja, na maneno mengine ambayo hayasemwi mbele ya bibi Vénérande. Mke wa Gratien, Odeta, alikuwa kati ya bandani na jikoni. Na binti yao Emelyne, aliyemaliza kidato cha nne na aliyekuwa akingoja kwenda cha tano, alikaa mlangoni palipokuwa na mwanga.

Getrude ndiye aliyeanza. Alichoka na kimya, akamuuliza Emelyne miaka yote minne shuleni walikuwa wanamfundisha nini, kwa kuwa kupanga tumbaku alikuwa anajua tangu zamani. Emelyne akasema alichokipenda zaidi ni mashairi ya Kiingereza. Getrude akaguna. Mashairi, alisema, ni ya watu wanaotaka kuoa na hawana ng'ombe.

Emelyne akamweleza kwamba kuna mashairi ya namna nyingine, yanayosimulia. Yana watu, yana safari, yana ugomvi, na kila kitu kinatokea. Ni hadithi iliyotiwa vina. Getrude akamwambia basi asimulie, wao masikio hawakuyaacha nyumbani.

Msichana akaweka jani chini, akasema mistari minne ya kwanza kwa Kiingereza chake cha shule, bila haraka, mkono ukipiga goti:

Tom Harrow kept the ferry-boat
Below the old church wall;
He called his brother's name one night
And the river said nothing at all.

Kisha akawaeleza kwa Kiswahili. Tom huyo alikuwa mvushaji, mtu wa kuvusha watu kwa boti kwenye mto mkubwa wa huko kwao. Yeye na ndugu yake waliachiwa boti moja na baba yao, wakagombana, ndugu akahamia ng'ambo, na miaka ikapita hawasemezani. Usiku mmoja Tom aliita jina la ndugu yake, na mto haukusema kitu. Baada ya kueleza, akairudia ile mistari kwa Kiingereza, na safari hii kila mtu alijua anakwenda wapi.

Bibi Vénérande, ambaye Kiingereza hakuwa nacho hata cha kuombea maji, aliinamisha kichwa kama anayesikiliza nje. Alisema kinalia kama mvua inapoanza kwenye bati: tone, tone, halafu yote pamoja. Akaomba kingine.

Hivyo ndivyo walivyokwenda. Ubeti kwa Kiingereza, maelezo kwa Kiswahili, kaneno ka Kirundi pale bibi alipokwama, kisha ubeti tena. Kila ubeti uliishia palepale, mto haukusema kitu, na kufikia saa nne banda zima lilikuwa limekishika kile kipande cha mwisho na kukiimba kwa pamoja. Matamshi yalikuwa ya kila mtu na mama yake. Lakini vina vilipogonga, mikono nayo iligonga, jani tap kwenye fungu, jani tap, na mafungu yalipanda. Walipofika kwenye majira ya baridi, pale mto unapoanza kuganda, kulizuka ubishi. Getrude alisema maji ya mto kuwa magumu mtu akatembea juu yake ni uongo wa Wazungu. Sixte akasema yeye ameona maji magumu kwa macho yake, ndani ya friji ya duka la soda Mpanda. Getrude akamuuliza kama aliwahi kutembea ndani ya friji hiyo. Walicheka mpaka Odeta akatoka jikoni na mwiko kuuliza nani ameumia.

Gratien alilisikia hilo kwa mbali, maana Jumatatu alikuwa nje akishona magunia ya mitumba. Alifurahi. Alimwambia mkewe kwamba kumbe ada ya shule haikwenda bure.

Jumanne ndiyo siku yenyewe.

Majirani waliwahi kuliko kawaida. Sixte, ambaye hajawahi kuwahi mahali popote isipokuwa kwenye chakula, alikuta Getrude ameshakaa. Emelyne akaendelea. Usiku wa baridi kali, Tom amelala, akasikia sauti kutoka ng'ambo ikiita jina lake. Akaamka. Akaijua sauti, au akadhani anaijua. Akasukuma boti kwenye maji yaliyokuwa yanaganda, akapiga kasia, na katikati ya mto barafu ikaanza kuibana boti pande zote mbili, ikiminya mbao, mbao zikilia. Emelyne alishusha sauti. Na sauti ile ng'ambo ikaita tena.

Ni hapo Gratien alipoingia kuchukua kamba.

Alichokiona ni hiki. Bibi Vénérande na jani hewani. Getrude na jani hewani. Sixte mdomo wazi, na jani hana. Hakuna kidole kilichokuwa kinasogea, na jua lilikuwa limeshafika kizingitini. Kichwani mwa Gratien lori la chama likapita likipiga honi, halikusimama. Akaona ukungu, akaona majivu ya bani, akaona mawe ya mvua, vyote kwa pamoja, na ulimi ukatangulia.

"Nyie, mmekuja kupanga tumbaku au kusoma Kiingereza?" alisema. "Kuanzia sasa sitaki kusikia sauti humu."

Emelyne akanyamaza. Wote wakanyamaza, tena kimya safi, kimya cha adabu, na Gratien akatoka na kamba yake akiamini amefanya kazi ya mwenye nyumba.

Hakugombana naye mtu. Watu wa ikibiri hawagombani. Baada ya muda mfupi Getrude alikumbuka kwamba mbuzi wake amefungwa mahali pasipo majani. Alishika mkono wa Odeta kwa heshima, akaaga. Sixte jino lake likaanza kumsumbua, jino ambalo, Odeta anakumbuka vizuri, aling'olewa mwaka juzi. Bibi Vénérande alisema jua limekuwa kali kwa mtu wa umri wake, ingawa alikuwa amekaa kivulini. Mmoja mmoja, kwa shukrani na baraka, wakaondoka wakaacha mafungu yao yamepangwa vizuri. Gratien aliporudi bandani alimkuta mkewe na bintiye tu, na rundo la tumbaku linalomtazama.

"Umewafukuza kwa Kiswahili kizuri kabisa," Odeta alimwambia. "Hata mimi nilitaka kuondoka, nikakumbuka naishi hapa."

Mtu mwingine angekwenda kuomba radhi, jambo likaisha. Lakini Gratien, tulishasema, siku ile alikuwa mjinga, na ujinga ukishapata kiti hausimami upesi. Alikaa juu ya mtumba akafikiri, akagundua kilichowauma. Si amri, alijiambia. Ni kwamba wamekatiziwa hadithi katikati, hawajui mvushaji amekufa au amepona. Wakijua, roho zitatulia, watarudi kesho wakiwa wepesi na mikono haitasimama tena kungoja. Dawa ni kuwapelekea mwisho wake majumbani.

Akamuuliza Emelyne mwisho unakuwaje. Emelyne alisitasita. "Baba, ukiutoa peke yake utaonekana mdogo," alisema. Lakini baba ni baba, msichana akamsimulia.

Gratien akapanda baiskeli jua likiwa bado juu, akiwa amevaa shati safi, mtu mwenye habari njema. Alianza kwa Sixte, akamkuta anakula muhogo mgumu upande uleule wa jino. Alisimama mlangoni akautoa wote kwa pumzi moja: kwamba hafi mtu, kwamba sauti ni ya ndugu kweli, na alikuwa anaita kumwambia Tom asivuke, barafu ni mbaya, kwamba alipoona Tom anakuja tu, akatembea juu ya barafu kumfuata, wakakutana katikati ya mto, wakakaa ndani ya boti iliyobanwa mpaka asubuhi wakibishana boti ni ya nani. Basi. Sixte alitafuna akameza. Alisema kumbe, akasema asante, akauliza hali ya nyumbani.

Kwa Getrude hakupata hata nafasi ya kukaribishwa. Mama yule alipomwona tu anashuka kwenye baiskeli akiwa na uso wa kusimulia, alianza kumwambia asiseme, lakini Gratien alikuwa ameshafika kwenye barafu. Getrude alimsikiliza mpaka mwisho huku ameshika kiuno, kama mtu anayeangalia ng'ombe wa jirani akila mahindi yake na jirani anashangilia. Bibi Vénérande alikuwa mpole zaidi. Aliziba masikio kwa viganja, akafumba na macho, Gratien akangoja kwa adabu mpaka alipochoka na kuyazibua, akammalizia.

Alirudi nyumbani akipiga mluzi. Akamweleza Odeta kwamba jambo limekwisha, wote sasa wanajua kila kitu.

Odeta alikuwa anachambua maharage. Aliyachambua mengine machache kwanza.

"Umewabebea chakula ukawalisha majumbani kwao," alisema, "halafu unangoja waje kula kwako."

Gratien akaenda kuvua lile shati safi.

Jumatano alfajiri hakuonekana mtu njiani. Majani yalikuwa laini, tayari, na saa zake zilikuwa chache. Gratien hakulia wala hakulalamika. Si kazi yake hiyo. Alikaa kwenye gunia la Getrude, akavuta rundo la Getrude mbele yake, akawaambia mkewe na bintiye kwamba mwaka huu mitumba yao itakuwa midogo lakini yenye tabia nzuri. Wakapanga. Watu watatu ndani ya banda lile walikuwa kama watu watatu kanisani siku ya kazi. Kimya alichokiagiza mwenyewe jana alikipata chote, na hakujua akitie wapi.

Mwishowe alimwambia Emelyne aseme lile shairi. Emelyne akauliza kuanzia wapi. Gratien akasema kuanzia mwanzo, kwa kuwa yeye Jumatatu alikuwa anashona magunia na alichokipata ni mkia tu.

Msichana akaanza. Tom Harrow na boti yake, ukuta wa kanisa, jina lililoitwa usiku. Gratien alisikiliza kama mtu anayekagua hesabu ya mwenzake, akijua kila kitu kinakokwenda. Aliijua sauti ni ya nani. Alijua hafi mtu. Lakini Kiingereza kile kilikuwa na mwendo wake, kinashuka, kinapanda, kinagonga, na kila kilipogonga mguu wake ulijibu bila kumuuliza. Maneno mengi hakuyashika. Yale aliyoyashika yalitosha kumweka kwenye maji. Barafu ikaanza kubana. Mbao zikalia. Emelyne akashusha sauti, na sauti ile ng'ambo ikaita tena.

Odeta akaacha kazi, akamtazama mumewe, akatabasamu. Gratien alikuwa na jani hewani.

Kabla hajalishusha, nje ya banda, upande wa njia ya kisimani, watu wakaimba kwa pamoja kile kipande cha mwisho cha ubeti, mto haukusema kitu, kwa matamshi ya kila mtu na mama yake. Akaingia Getrude, akamwambia Gratien ahame kwenye gunia lake. Akaingia Sixte na jino lake. Akaingia bibi Vénérande, akashikilia mwimo wa mlango mpaka Emelyne akampokea. Hawakueleza kwa nini wamechelewa wala kwa nini wamekuja. Getrude alisema tu kwamba jana walikatiziwa kwenye barafu, kwa hiyo waanzie kwenye barafu. Gratien alisimama akawakaribisha ipasavyo, kwa mikono miwili, akawaambia leo hapa bandani mwenye amri ni Emelyne, na yeye mwenyewe ameomba kibali cha kukohoa.

Wakacheka, na kazi ikaanza kwelikweli. Emelyne alisema mwisho mara ya kwanza, wakautaka tena. Alisema mara ya pili, na safari hiyo, ndugu alipoweka mguu wa kwanza juu ya barafu, Getrude aliyeapa kwamba maji hayawi magumu alimwambia kwa sauti apite pembeni, katikati ni pembamba. Mikono ilisimama, ndiyo. Kisha ubeti ukagonga nayo ikaruka, jani tap, jani tap, haraka kufidia. Kabla upepo haujaanza, rundo lililokuwa linamtazama Gratien lilikuwa limebaki kipimo cha kikapu. Mitumba ilishonwa ikapangwa mlangoni kungoja lori. Odeta akaleta ugali, maharage ya mawese na dagaa.

Hapo, kazi ikiwa imekwisha na tumbo limeanza kushiba, Gratien akashindwa kujizuia. Kutania ndiyo pumzi yake. Akawauliza, kwa uso wa mtu anayetafuta elimu, walifuata nini asubuhi ile. Mwisho wanaujua, aliwapelekea mwenyewe mpaka mlangoni, kwa baiskeli, bila hata kuombwa maji ya kunywa.

Getrude alisema alichopelekewa yeye si mwisho, ni tangazo. Sixte alisema mikono yake inakwenda vizuri na vina. Gratien hakukubali. Kama ni vina, alisema, mbona Kiingereza chenyewe wanashika neno moja moja kama kuku anayedonoa? Na kama ni hadithi, hadithi ambayo mtu anajua inakoishia ni makapi. Angekuwa yeye Emelyne angewapa Kiswahili kifupi, Tom kaokoka, watu wakalale. Getrude akamkumbusha kwamba asubuhi alionekana na jani hewani. Gratien akasema alikuwa anatafuta madoa. Ubishi ukazunguka banda, Emelyne akicheka, Odeta akimtetea kila mtu isipokuwa mumewe, na Gratien, akiona anazidi kupata nafasi, akasimama na bakuli lake kuufunga mjadala.

"Niambieni kitu kimoja tu," alisema. "Mtu mwenye akili atakaaje kusikiliza kitu ambacho mwisho wake anaujua?"

Bibi Vénérande alikuwa anapangusa vidole vyake, kimoja kimoja.

"Gratien mwanangu," alisema, "na wewe mwisho wako tunaujua sote: utakufa, tutakuzika, tutakula maharage. Mbona bado tunakaa kukusikiliza?"